Kujenga chumba cha kupulizia rangi kwenye karakana yako Dar es Salaam: mwongozo kamili

Karakana nyingi za samani Dar es Salaam, kuanzia Keko hadi Tegeta, bado zinapulizia rangi nje, kando ya barabara au chini ya kibanda cha mabati. Kabati la mninga lililopigwa msasa likang'aa linapuliziwa lakka, bajaji inapita, vumbi linatua, na kesho yake fundi anaanza msasa upya. Wengine wanakimbia vumbi kwa kujifungia ndani na kuziba madirisha kwa nailoni. Hao wanapata uso safi zaidi, ila wamejitengenezea chumba cha sumu na mlipuko.

Chumba cha kupulizia rangi ni hewa inayosafiri. Inaingia safi upande mmoja, inampita fundi na kazi yake, inaacha rangi kwenye filta, kisha inatoka juu ya paa. Kuta kazi yake ni kuiongoza tu. Ndiyo maana hesabu ya hewa inafanywa kabla ya kununua hata bomba moja la chuma, na fedha nyingi inatakiwa iende kwenye feni na filta. Mafundi wengi hufanya kinyume: wanajenga boksi zuri, halafu wanatafuta feni ya kubandika kwenye tundu lililobaki.

Maelezo haya ni ya chumba cha samani, milango, madirisha ya chuma na fremu za pikipiki. Upana ni mita 2, kimo mita 2.1, na urefu mita 3 za kufanyia kazi. Ongeza sentimita 60 nyuma ya filta.

Hesabu ya hewa

Kasi ya hewa inayolengwa kwenye vyumba vya aina hii ni kama mita 0.5 kwa sekunde. Ikishuka chini ya 0.3, ukungu wa rangi unaelea na kumrudia fundi usoni. Ukikaza upepo kupita kiasi, rangi inakauka ikiwa bado hewani na uso unakuwa wa chengachenga.

Zidisha upana kwa kimo: 2 × 2.1 ni mita za mraba 4.2. Zidisha kwa 0.5, unapata mita za ujazo 2.1 kila sekunde, sawa na 7,560 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Feni ya jikoni au ya chooni haifiki hata robo ya hapo. Kama fedha haitoshi kwa feni ya kiasi hicho, punguza upana na kimo cha chumba. Usipunguze upepo.

Sasa tazama kwa nini namba hii ni ya kufa na kupona. Toluini ni kiyeyushi kinachopatikana kwenye tina nyingi, yaani thinner za kuzimulia rangi. Lita moja ikigeuka mvuke wote hutoa takriban lita 230 za mvuke, na mvuke huo unaweza kulipuka ukifika kama asilimia 1.2 ya hewa. Piga hesabu: lita moja inatosha kuzifanya mita za ujazo 19 za hewa zisubiri cheche tu. Sehemu ya kufanyia kazi ya chumba chetu ina mita za ujazo 12.6. Kopo la tina likimwagika feni ikiwa imezimwa, chumba chote kinaweza kuwa bomu. Feni ikiwa inavuta 2.1 kwa sekunde, hewa yote ya sehemu ya kufanyia kazi inabadilika kila baada ya sekunde 6. Toluini huanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, na Dar haijui baridi hiyo.

Mahali pa kukiweka

Upepo wa pwani unakusaidia kuchagua. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Misimu yote miwili, upepo mara nyingi una sehemu ya mashariki. Ukiweza, hewa safi iingie upande wa mashariki na bomba la kutolea liwe magharibi, ili usijikute unavuta tena moshi wako mwenyewe.

Angalia pia jirani. Mitaa yetu imebanana, dirisha la mtu liko hatua chache kutoka ukutani kwako. Bomba lisitokee ubavuni kuelekea kwake. Lipande juu, lipite kilele cha paa angalau kwa mita moja.

Chumba kikae mbali na meza ya msasa, msumeno na sehemu ya kuchomelea. Na karakana yenyewe iwe na uwazi wa kuingiza hewa: mita 2.1 za ujazo zikitoka kila sekunde, nyingine kama hizo lazima ziingie. Uwazi wa mita za mraba 1.5 au zaidi, ukiwa na wavu wa kuzuia taka, unatosha. Ukijifungia kila mahali, feni itazunguka kwa kelele bila kuvuta kitu.

Fremu na kuta

Fremu tengeneza kwa skwea paipu ya milimita 40 kwa 40. Wima ziwekwe kila baada ya mita moja, na bomba la mlalo kwenye nusu ya kimo. Kuta na dari ziwe za mabati bapa yaliyopakwa zinki, yakifungwa kwa riveti au skrubu, au bodi za saruji. Maungio yote yapigwe silikoni. Feni inavuta, kwa hiyo kila tundu dogo ni mlango wa vumbi: hewa itapita hapo bila kuchujwa na kulitupa vumbi moja kwa moja kwenye lakka mbichi.

Plaiwudi, nailoni, turubai na godoro la sponji havifai kwa kuta. Vyote vinawaka, na baada ya miezi michache vinakuwa vimefunikwa na rangi kavu inayowaka kuliko vyenyewe. Huo ndio msimamo wangu hata kwa chumba cha muda.

Sakafu ya zege iliyosuguliwa laini inatosha. Ndani paka rangi nyeupe ili mwanga urudi, halafu bandika karatasi nyeupe kuta zote. Zikishachafuka unazibandua na kuweka nyingine, badala ya kukwangua bati.

Mbele weka milango miwili inayofunguka kwa nje, kila mmoja ukiwa fremu yenye wavu na filta ya poliesta ya kuingizia hewa. Ukiifanya milango yote kuwa filta kuanzia chini hadi juu, hewa inaingia pole pole na kwa usawa. Tundu moja dogo lenye filta linaleta mkondo mkali katikati, na pembeni kunabaki hewa iliyosimama.

Ukuta wa filta

Ukuta wa nyuma wote ni filta. Tumia filta za nyuzi za kioo zinazotengenezwa kunasa rangi. Huuzwa kwa roli au vipande. Upande mmoja una nyuzi zilizoachana, wa pili zimebanana. Ule wa nyuzi zilizoachana ndio unaotazama chumba, ili rangi iingie ndani ya filta na kujaa kote badala ya kuziba uso.

Tengeneza gridi ya engo ndogo yenye miraba ya milimita 500 kwa 500, minne kwa upana na minne kwa kimo. Hiyo ni miraba 16. Nyuma ya kila mraba weka wavu wa chuma ili filta isinyonywe na feni, na mbele waya mbili za kubana zinazotoka bila bisibisi. Kimo cha gridi ni mita 2, kwa hiyo sentimita 10 zinabaki. Ziba kwa bati upande wa juu, si chini. Mvuke wa toluini ni mzito mara tatu ya hewa, unatambaa sakafuni, na safu ya chini kabisa ya filta ndiyo inayouvuta.

Nafasi ya sentimita 60 kati ya filta na ukuta wa mwisho ndiyo inayosambaza mvuto. Ukiibana, filta zilizo karibu na tundu la feni zitafanya kazi yote na za pembeni zitabaki mpya. Acha kijimlango cha kuingia kusafisha huko nyuma, maana rangi kidogo itapita tu.

Sifongo la godoro na nguo kuukuu visiingie kwenye gridi hii. Havinasi ipasavyo, na vikishajaa lakka kavu ni kuni.

Feni na bomba la kutolea

Feni ya bei nafuu yenye mota katikati ya mkondo wa hewa ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwenye vyumba vya kujitengenezea. Mvuke wote wa tina unapita juu ya mota, na mota za kawaida zinaweza kutoa cheche.

Napendekeza bloa la konokono, lile ambalo mota imekaa nje ya ganda na kuzungusha pangaboi kwa mkanda au shafti. Linahimili ukinzani wa filta kuliko feni ya panga, na mota inabaki kwenye hewa safi. Pangaboi liwe la aluminiamu, au ganda liwe na pete ya shaba mahali ambapo chuma kingegusa chuma. Mkanda uwe wa aina isiyohifadhi umeme tuli, na ufunikwe kwa gadi.

Muuzaji akikupa uwezo wa bloa, muulize uwezo huo ni kwenye ukinzani gani. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya feni isiyo na filta wala bomba. Unachohitaji ni mita za ujazo 7,560 kwa saa kukiwa na ukinzani wa paskali 150 hadi 200. Mota ya hospawa 2 inaweza kubeba mzigo huo, nayo hupatikana ya fezi moja au fezi tatu.

Bomba liwe la bati, kipenyo milimita 600, fupi na lililonyooka kadiri inavyowezekana. Kila kona inakula nguvu. Juu usiweke kofia ile ya umbo la koni, kwa sababu inarudisha mvuke chini kwenye paa na kwa jirani. Valisha ncha ya bomba bomba lingine kubwa kidogo, lililopanda juu zaidi, na uache nafasi pembeni kati yao. Mvua inagonga ukuta wa bomba la nje na kudondokea pembeni, na mvuke unaendelea kwenda juu.

Umeme na taa

Hapa mlipe fundi umeme mwenye leseni. Mwambie mambo haya.

Ndani ya chumba kusiwe na swichi, soketi, feni ndogo wala waya wa kuunga. Taa zikae nje, nyuma ya vioo vigumu vya milimita 6 vilivyozibwa kwa silikoni. Kioo kiwekwe kwenye kona kati ya ukuta na dari, kikiinama, pande zote mbili, na vingine viwili wima kwenye kimo cha kifua. Taa za juu pekee zinaficha kasoro za ubavuni mwa kabati. Chagua LED nyeupe ya kelvini 5000 hadi 6500, la sivyo rangi utakayoiona ndani si ile mteja atakayoiona juani.

Bloa liwe na saketi breka yake na kontakta yake, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Kontakta hiyo hiyo iwashe valvu ya umeme iliyowekwa, nje ya chumba, kwenye mpira wa hewa unaoenda kwenye bunduki ya rangi. Bloa likizimwa, hewa ya kupulizia inakatika. Hivyo hata kijana mgeni, hata siku umeme unapokatika na kurudi, hakuna atakayeweza kupuliza bila upepo. Kifaa hiki hakina gharama kubwa na ningeacha taa mbili kabla ya kukiacha.

Waya wa ardhi ufungwe kwenye fremu ya chumba, kwenye ganda la bloa, na uwe na klipu kwa ajili ya kazi za chuma. Rangi ikipita kwenye bunduki kwa kasi inajaza umeme tuli, na cheche ya umeme tuli inatosha.

Hewa ya kompresa

Kompresa ikae nje, mahali penye hewa baridi. Hewa ya Dar ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Kompresa inayomeza lita 200 kwa dakika, ikifanya kazi saa moja, imemeza karibu gramu 290 za maji, zaidi ya glasi moja. Sehemu kubwa inageuka kuwa matone ndani ya tangi na bomba, na yakifika kwenye bunduki yanaacha vishimo kwenye rangi.

Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni. Bomba la chuma kutoka kompresa lipande juu kwanza, kisha liinamie upande wa koki ya kutolea maji, na matawi yatokee juu ya bomba badala ya chini. Kichuja maji kiwe karibu na chumba, mbali na kompresa, kwa sababu hewa inayotoka kwenye kompresa bado ni ya moto na maji yake hayajawa matone.

Kujaribu

Kabla tina yoyote haijaingia chumbani, washa bloa na ufukize udi au ubani karibu na milango. Moshi uende moja kwa moja hadi kwenye filta, bila kuzunguka kwenye kona. Pima mita 2 sakafuni, na uhesabu sekunde moshi unapopita: sekunde 4 ni mita 0.5 kwa sekunde, sekunde 5 ni 0.4. Zikifika 7, tafuta tatizo. Mara nyingi ni uwazi mdogo wa kuingiza hewa, au mota inazunguka kinyume. Baada ya rangi ya kwanza kupulizwa humo, moto wa udi usirudi tena. Tumia poda ya mtoto au utepe mwepesi.

Kisha tengeneza kipimo cha filta. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje kama herufi U kwenye ubao ukutani, utie maji yenye rangi hadi nusu. Ncha moja ipeleke nyuma ya filta, nyingine ibaki chumbani. Bloa likiwaka, maji yatapanda upande mmoja. Andika tofauti ya milimita filta zikiwa mpya. Itakapofika maradufu, jiandae kubadilisha. Ikifika milimita 12, badilisha siku hiyo hiyo.

Kujikinga

Chumba kizuri hakikuondolei barakoa. Kitambaa, leso au barakoa ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Kwa lakka na rangi za mafuta, vaa barakoa ya mpira yenye vichujio vilivyoandikwa A2P2, ambavyo vina mstari wa kahawia na mweupe. Ukianza kunusa tina ukiwa umeivaa, kichujio kimekwisha au barakoa haijakaa vizuri. Ndevu huizuia kukaa vizuri.

Rangi zinazochanganywa na hadena (kigumushi), kama zile za magari, ni habari nyingine. Hadena nyingi zina isosayaneti, inayoleta pumu ya maisha, na mapafu yakishaizoea vibaya, hata kiasi kidogo kinaleta shambulio. Pua haikuonyi mapema. Hapo inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, hewa iliyochujwa kwa ajili ya kupumua, si ya kompresa ya mafuta moja kwa moja. Kama huna kifaa hicho, usipulize rangi ya hadena.

Unyevu

Lakka inapokauka hupoza uso wa mbao. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji yanatua juu yake na lakka inakuwa nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, jambo hili linasumbua sana. Nunua kipima unyevu kidogo, kiangalie kabla ya kuchanganya rangi. Kikisoma zaidi ya 80, subiri. Siku nyingi saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndiyo nafasi nzuri. Alfajiri na usiku unyevu unapanda. Tina ya kukausha taratibu inasaidia, lakini haishindi siku ya mvua kubwa. Mafundi wengi hunyunyiza maji sakafuni kulaza vumbi, na inafaa kwa rangi za maji na siku kavu. Kwa lakka siku ya unyevu, pangusa sakafu kwa kitambaa kilichokamuliwa tu.

Usafi, taka na moto

Baada ya koti la mwisho la rangi acha bloa lizunguke dakika 15. Chumbani usiache hata kopo la tina. Ingiza kiasi cha kazi ya saa hiyo tu.

Filta zilizojaa lakka ya nitroselulosi, na vitambaa vyenye mafuta ya kupaka mbao, vinaweza kujiwasha vyenyewe vikirundikwa. Viloweshe kwenye ndoo ya chuma yenye maji na mfuniko, uviweke nje. Lakka ya nitroselulosi na rangi za aina nyingine zisirundikane kwenye filta moja; badilisha filta unapobadilisha aina ya rangi. Kwangua rangi kavu kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, bloa likiwa limezimwa kwenye breka.

Mitungi miwili ya unga mkavu ya kilo 6 au 9 ikae nje, pande mbili za mlango, mahali ambapo unaifikia ukikimbia kutoka ndani. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandike ukutani kwa herufi kubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na ni rahisi zaidi kumwita mkaguzi wao na wa Zimamoto ukiwa bado na mchoro, kabla bati halijafungwa, kuliko kubomoa ukuta kwa sababu kijimlango cha kutokea hakikuwekwa.